Maji ya Uzima Kwenye Meza ya Sala

Jamani, nimeaibika. Nimeaibika mbele ya msalaba, mbele ya katekista, na mbele ya watu kumi na mmoja niliowaazimia viti shuleni.

Nawaandikia nyie humu, kwenye kundi letu la simu la majirani wa Jorodom, Katesh, kwa sababu huku nilipo hakuna wa kumsimulia. Wote ninaowafahamu walikuwepo.

Mnajua nilivyofika huku kijiji cha Daudi. Tope liliposhuka mlimani likachukua nyumba zetu, wengine mlienda Babati, wengine Singida, mimi nikaomba uhamisho nikapata shule ya huku juu kwenye baridi. Miaka ishirini Katesh tulikuwa tunaazimana chumvi dirishani. Huku pakiti yangu ya chumvi inakaa mpaka inashikana, maana haina mwazimaji.

Watu wa huku si wabaya, nisiwasingizie. Shikamoo zinafika kwa wakati, ukianguka njiani unainuliwa. Ila mwalimu kwao ni mtu wa kuhama. Ukimzoea, barua inakuja, anaondoka. Kwa hiyo wananisalimia vizuri kisha kila mtu anakwenda kwake, nami nakwenda kwangu kumsalimia paka. (Paka mwenyewe ni wa Bibi Basilisa, jirani wa ng'ambo ya shamba la mahindi. Anakuja kula tu.)

Mwaka jana nilipata bahati. Alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Ayalandi, anaitwa Nora, dada wa miaka sitini hivi, kufundisha hisabati muhula mmoja. Akapewa chumba kwangu. Kiswahili alijifunza kitabuni, kwa hiyo alikuwa anawaamkia watoto wa darasa la kwanza shikamoo na wao wanaitikia marahaba bila aibu. Kila Jumapili kanisani, rozari mkononi. Watu wa Daudi walimpenda sana.

Kumbe kwenye begi, chini ya sweta, Nora alikuwa na chupa ya wiski.

Jumamosi moja jioni, ukungu umefunga mpaka huoni choo, Nora akaweka glasi mbili mezani. Mimi nikamwambia mwenzio ni mwalimu wa dini. Akasema hata yeye kwao anafundisha dini. Akamimina kiasi cha kufunika kitako cha glasi, akaongeza kijiko kimoja cha maji. Nikataka kumeza kama dawa ya minyoo, akanishika mkono.

"Hapana haraka, Mwalimu. Nusa kwanza. Sasa mngoje. Atakuja."

Nora wiski aliiita kama mtu. Basi nikamngoja. Mara ya kwanza niliungua koo nikadhani nimekunywa mafuta ya taa. Halafu moto ukatulia, ikaja ladha ya asali, ikaja ya mkate uliobanikwa, na mwisho kabisa harufu ya ghala siku shayiri inaingizwa. Jamani, sisi watu wa Hanang tumezaliwa katikati ya ngano na shayiri, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kwamba shayiri ina mambo haya. Nilikaa pale vidole vya miguu vimepata joto, tukazungumza mpaka chai ikasahaulika jikoni.

Akaniambia kwa lugha ya mababu zao neno wiski maana yake ni maji ya uzima. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. "Nora, hayo kwetu yako kwenye Ufunuo." Naye kwa utani akaibandua lebo kwa maji ya moto, kwa kuwa nyumba ya mwalimu haikai chupa yenye lebo ya pombe, akabandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: MAJI YA UZIMA. KIDOGO KIDOGO.

Muhula ukaisha, Nora akarudi kwao. Chupa akaniachia.

Nikaendelea peke yangu. Kila Jumamosi jioni nikishatoka kwenye sala, kifuniko kimoja, kijiko cha maji. Nanusa, nangoja, anakuja. Wiki nzima huyo ndiye mgeni wangu. (Najua inavyosikika. Andikeni tu kwamba mimi Mama Deo nimekuwa mlevi, lakini chupa moja imenikalisha miezi minane.)

Sasa tuje leo.

Jumuiya yetu ya kanisa ina nyumba kumi na mbili, na sala inazunguka kila Jumamosi jioni. Miaka miwili nyumba yangu ilikuwa inarukwa. Si kwa ubaya, walidhani nitakuwa nimehama. Wiki iliyopita mwenyekiti wetu, Mama Fabiola, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akatangaza, "Jumamosi tunasali kwa Mwalimu." Nikaitikia sawa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kupiga deki sakafu ambayo nilishaipiga jana. Nimebeba viti shuleni safari nne. Nimechemsha viazi debe zima, nimekaanga maandazi, nimepika chai ya maziwa nikajaza chupa zote za chai, zangu mbili na tatu za kuazima kwa mwalimu mkuu. Nikaandaa meza ya sala: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, Biblia. Nilitaka kitu kimoja tu, wakitoka hapa waseme kwa Mwalimu ni mahali pa kurudi. Sikutaka kingine chochote, na nilikitaka vibaya.

Saa kumi jioni nikakaa kusubiri. Saa kumi na robo, hakuna mtu. Saa kumi na nusu, hakuna mtu, na ukungu unashuka. Nikaanza kuviangalia vile viti. Viti kumi na viwili vitupu ndani ya chumba kimoja vinaweza kumtoa mtu akili. Nikasema ngoja nipate kifuniko kimoja, cha kutuliza moyo. Nikachukua chupa, nikamimina kifuniko, nikanusa, nikameza bila hata kungoja.

"Hodi humu ndani."

Sauti ya Bibi Basilisa. Kabati liko upande wa mlango. Mimi niko upande wa meza ya sala. Ningefanya nini? Nikaisimamisha chupa nyuma ya msalaba, nikavuta Biblia ikae mbele yake, nikageuka na uso wa mtakatifu.

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Wenzangu wanakuja, walikuwa wanakamua."

Walikuwa wanakamua! Sikuwaza hata ng'ombe. Wakaingia mmoja mmoja mpaka viti vikajaa. Wa mwisho akaja Katekista Lohay, mzee mrefu, mkimya, mtu wa kukung'uta viatu mlangoni hata kama ni vikavu. Nilikuwa najaza vikombe jikoni kwa furaha, chupa nimeisahau kabisa. Naapa nilikuwa nimeisahau.

Tukasali. Tukaimba. Sauti kumi na mbili ndani ya nyumba yangu, bati linaitika. Katekista akachukua Biblia mezani ili asome somo.

Chupa ikabaki wazi.

Mama Fabiola ndiye aliyeiona kwanza. Alisubiri somo liishe, kwa adabu, kisha akainama akasoma kwa ile sauti yake. "Maji ya Uzima. Kidogo kidogo." Akanigeukia. "Mwalimu, haya ni ya wapi?"

"Yametoka Ulaya," nikasema.

"Aliyaleta dada Nora?"

"Aliyaleta yeye."

Mpaka hapo sijasema uongo hata mmoja. Nilikuwa najijengea utetezi wa siku ya mwisho.

"Ni maji ya hija hayo," mzee mmoja akawaambia wenzake. "Wazungu wanachota kwenye chemchemi ya Mama Maria. Rangi ndiyo hiyo hiyo, kwa sababu ya mawe." Sijui aliyatoa wapi hayo mawe, lakini kila mtu alikubali.

"Nimesali nyumba zote za jumuiya hii," Mama Fabiola akasema. "Hakuna aliyewahi kutuandalia maji kutoka ng'ambo."

Mngeniona. Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Katekista akaomba bakuli. Nikampa mimi mwenyewe, kwa mikono miwili. Akamimina yote. Yote, jamani, robo chupa nzima, ya kunifikisha Krismasi. (Mungu anisamehe, niliwaza wiski kabla ya kuwaza roho yangu.) Mtu akatoka akavunja kitawi cha mti wa Krismasi uani. Katekista akakichovya, akaanza kunyunyiza nyumba. Kona ya kwanza, kona ya pili, mlangoni, kwenye kabati, juu ya vichwa vya watu. Chumba kikajaa harufu ya asali na ghala la shayiri. Watu wakafumba macho. Nami nikafumba, kwa sababu nyingine.

Akamalizia na meza. Kitawi kilikuwa kimelowa barabara. Akakitikisa juu ya msalaba, juu ya kitambaa, na juu ya mshumaa unaowaka.

Mshumaa ukaruka. Mwali wa buluu ukapanda kama dhiraa moja, ukasema buu, ukazima wenyewe.

Mama Fabiola alipiga magoti kwanza, kisha wote, viti vyangu vya kuazima vikisukumwa nyuma. Katekista akabaki amesimama na kitawi mkononi.

"Bwana yupo mahali hapa," akasema taratibu.

Bibi Basilisa akalamba mdomo wa juu, ambapo tone lilikuwa limemdondokea. Akafikiri. "Hii maji inawasha kwanza," akasema. "Halafu inakuwa tamu."

(Bibi alikuwa amengoja bila kufundishwa na mtu.)

Mama Fabiola, bado yuko magotini, akasema, "Mimi naona tusizunguke tena. Tuwe tunasali hapa kwa Mwalimu kila Jumamosi. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga.

Kila Jumamosi. Watu kumi na mmoja. Vile viti nisingevirudisha. Nisingekaa tena naangalia ukungu na glasi. Nilipiga hesabu haraka kuliko Nora: kilichotakiwa ni ninyamaze tu. Nikanyamaza. Nawaandikia ukweli kwa sababu mnanijua, nilinyamaza na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nitoke Katesh.

Furaha yenyewe ilikaa kama dakika mbili. Mama Fabiola akainuka, akalichukua bakuli. "Naomba nimpelekee mjukuu wangu haya yaliyobaki. Ana homa tangu juzi. Nimnyweshe kidogo kidogo, kama ilivyoandikwa."

Mjukuu wake ana miezi minane.

"Usimpe mtoto," nikasema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ni pombe."

Katekista akaangalia ndani ya bakuli, akaangalia kitawi. "Pombe ya nini?"

"Ya shayiri. Inaitwa wiski. Ni ya kwao Nora."

"Na ule moto?" Mama Fabiola akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, na hiyo iliniuma, kwa sababu hajawahi kuwa na sauti ndogo.

"Ni pombe ndiyo iliyowaka, mama."

Katekista akakilaza kitawi mezani polepole. "Nimewanyunyizia waumini pombe," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Kijana mmoja wa kwaya nyuma akapata kikohozi kikali akatoka nje, na huko nje tukamsikia kile kikohozi kikigeuka kuwa kitu kingine.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Nikawa najiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya pombe. Lakini Bibi Basilisa alikuwa bado ananitazama.

"Mwalimu, hii pombe unakunywa na nani?"

"Peke yangu, bibi."

"Siku zote?"

"Kila Jumamosi."

Mnajua mila zetu. Pombe ikiiva, majirani wanaitwa kwanza, wazee wanaibariki, ndipo inanywewa. Hata mchoyo wa kijiji anaita watu. Neno pombe halikuwa limemshtua Bibi, amepika pombe tangu mama zetu hawajaolewa. Hilo la peke yangu ndilo lililomshtua. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake analala chini.

"Nani alikukosea," akauliza, "mpaka unanywa peke yako?"

Ningeweza kusema ni baridi. Ningeweza kusema ni dawa ya kifua, kila mtu angeshukuru na tungekunywa chai. Lakini alikuwa ameniuliza vizuri.

"Hakuna aliyenikosea, bibi. Hakuna mtu anayekuja hapa."

Nikalisema hilo mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa wamekuja. Ndipo nilipoumbuka. Wiski ilikuwa afadhali. Nilisimama pale katikati ya sebule na kifuniko cha chupa kiganjani, nimewaambia majirani zangu uso kwa uso kwamba hawanitembelei, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Wengi walichagua sakafu, ambayo angalau ilikuwa safi.

Wakanywa chai. Kwa adabu, kikombe kimoja kimoja, viazi viwili viwili. Wakaaga kwa zamu, huyu ana ndama, huyu ana mgonjwa. Mama Fabiola alinishika mkono kwa muda mrefu, akasema wiki ijayo tuko kwa Katekista Lohay kama ratiba inavyosema. Ile habari ya kila Jumamosi haikutajwa tena.

Katekista alibaki na tatizo la bakuli. Limetumika kwenye sala, kwa hiyo kumwaga hapana. Ni pombe, kwa hiyo kuliweka kanisani hapana. Akafikiri sana, kisha akalifunika kwa sahani, akasema, "Nitamuuliza Padri," akakung'uta viatu akatoka. Alivikung'uta wakati wa kutoka, jamani. Sijui maana yake nini na sitaki kujua.

Bibi Basilisa akawa wa mwisho. Alifunua sahani bila kumuuliza Padri, akachota kwa kikombe cha chai, akanipa, akachota chake. Tukanywa tumesimama. Akamaliza chake.

"Mwalimu, unasema watu hawaji kwako. Ukiacha siku za sala, wewe kwangu umekuja lini?"

Miaka miwili naliona paa la nyumba yake kutoka dirishani, na sijawahi kukanyaga uani pake ila siku ya sala. Nilikuwa nangoja kukaribishwa, kama mgeni. Yeye alikuwa anangoja hodi, kama jirani. Akaweka kikombe, akaaga, akaenda kufungia ndama.

Sasa ni saa moja kasoro. Nina viazi nusu debe, chai chupa tatu, maandazi yasiyo na idadi, na bakuli lisiloweza kumwagwa wala kunywewa mpaka Padri aseme. Jumamosi ijayo nitamkuta Katekista nyumbani kwake na sijui nitaangalia wapi.

Mtacheka, nawajua. Chekeni. Ila nawaomba sana, msinitumie vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Anayetaka kunicheka apige simu anicheke, nimsikie.